Kitabu cha Nane

Karakanani, 4 Machi

Kwako Kifutio,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo tulivyokuita nyumbani kabla hujawa Kocha. Nimekupigia simu mara sita. Anapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, anasema uko kwenye kikao. Basi soma barua. Hii angalau itabidi uishike kwa mkono.

Jumapili tulikuwa kazini, mimi nashona daftari kubwa la hospitali, Baba anapaka gundi mgongo wa kitabu kizee cha sheria. Redio iko wazi. Mtangazaji akasema leo tunaye Kocha, mtu aliyejijenga kwa kusoma, atatupa orodha ya vitabu saba vya kujenga jina na kazi. Baba akaniambia niongeze sauti. Akaweka brashi chini, Kifutio. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumwona akiacha brashi huku gundi ikiwa mbichi.

Ukaulizwa nani alikufundisha kusoma. Ukasema hakuna. Ukasema, "Baba yangu alikuwa mlevi, hajui hata kuandika jina lake. Kwetu kitabu kilikuwa cha kuwashia moto. Mimi nimelelewa na vitabu hivi saba." Watu wakakupigia makofi.

Loo! Fundi wa kujalidi vitabu, miaka arobaini kwenye meza ileile, hajui kuandika jina lake! Vitabu vya kuwashia moto, wewe uliyelala utotoni juu ya marobota ya karatasi!

Baba aliinamia tena kitabu chake. Gundi ilikuwa imeshaganda mabonge, akaikwangua, akaanza upya, akamaliza. Kisha akachukua ngazi, akapanda, akateremsha kibao cha mlangoni. Unakikumbuka? "Vitabu hujalidiwa hapa," na jina lake chini yake. Herufi nyekundu ulizijaza wewe mwenyewe, ulimi ukiwa nje. Amekiegemeza ukutani, uso wake umeangalia ukuta. Nilipomuuliza, akasema, "Wanaonijua wasije wakalisoma jina hilo wakacheka." Sasa wateja wanapita, wanadhani tumefunga.

Nataka kitu kimoja tu. Jumapili hii rudi hapo redioni, useme ulidanganya. Nitakuwa nasikiliza.

Dada yako



Ofisini, 15 Machi

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, nimekuwa mbio. Na samahani kwa karatasi hii yenye picha yangu, ndizo tulizonazo ofisini.

Dada, umelichukulia vibaya. Kazi yangu mimi ni jina. Watu hawaji kwangu kutafuta vyeti, wanataka kusikia mtu alitoka shimoni akafika juu. Mtu aliyefundishwa kusoma na baba mpole, kwenye chumba chenye vitabu hadi darini, huyo ana cha kusimulia? Nani atamsikiliza? Nimetia chumvi kidogo, kama wanavyotia wote. Na jina la Baba sikulitaja.

Halafu tusidanganyane. Baba alikunywa. Ile mitihani shule waliyompa aishone akaipoteza, si alikiri mwenyewe mbele ya mwalimu mkuu kwamba alikuwa amelewa? Mtaa mzima ulijua. Kwa hiyo sikuyatoa hewani.

Kurudi redioni haiwezekani. Tarehe 20 Aprili nina hafla kubwa ukumbini, inarushwa moja kwa moja. Nitaitoa orodha rasmi, na wenye redio wataamua siku hiyohiyo kama wananipa kipindi changu cha kila wiki. Nikipata kipindi, Dada, nimefika. Nikikikosa, kuna kijana mwingine anakivizia mlangoni.

Nina wazo. Nakuletea vile vitabu saba univalishie majalada ya ngozi, maandishi ya dhahabu mgongoni, visimame nyuma yangu jukwaani kama askari. Ningeweza kumpa fundi mwingine. Nakupa wewe. Ndiyo njia yangu ya kusema pole.

Kocha
(mdogo wako)



Karakanani, 21 Machi

Kwako mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuichana. Mara ya pili nilimtafuta Baba nimsomee, nikaghairi. Mara ya tatu nikasema, kweli, kijana ana maisha yake, mimi nani nimzibie njia? Na ile ya mitihani sina jibu. Mwaka ule nilikuwa kwa shangazi najifunza kushona, sikuona kwa macho, lakini Baba alikiri mwenyewe na aibu tuliila sote. Basi yaishe.

Vitabu vimefika. Nimevikagua kama Baba alivyonifundisha, mgongo kwanza. Maskini, ni vipya! Cha kujiuza, cha kuongea jukwaani, cha kuamka alfajiri, cha kujuana na wakubwa, vyote nilipovifungua vimelia kama viatu vya dukani. Kimoja kurasa zake bado zinanuka wino. Ulivisoma ukiwa umevaa glavu? Natania. Nitavijalidi vizuri.

Lakini nikuambie ukweli wa fundi. Orodha ya vitabu saba kila mtu anayo. Huyo kijana anayekuvizia atakuja na saba vyake, na vinne vitakuwa hivihivi. Ungekuwa na kitabu ambacho hakuna mwingine anacho, hapo ungekuwa na jina.

Ninacho kimoja. Kimeandikwa kwa mkono, nakala moja tu duniani, mwandishi hakuweka jina. Ni mtu aliyejenga kazi yake kuanzia meza moja. Anaeleza mteja anavyorudi, mtoto anavyofundishwa kusoma, na jina la mtu linavyotunzwa. Karatasi zimekaa kwenye sanduku miaka mingi, hazijawahi kushonwa. Ukikitaka, kitakuwa cha nane.

Dada yako



Ofisini, 27 Machi

Dada! Ulikuwa wapi siku zote?

Nakala moja tu! Nimesoma barua yako nimesimama. Nakitaka, tena nakitaka sana. Kivalishe ngozi ya kijani, suti yangu ya siku hiyo ni ya kijani. Kwenye mgongo andika tu "Kazi ya Mikono", bila jina, iwe siri.

Sikusubiri, nimeshawaambia wenye redio. Wamepagawa. Nimewaambia kuna kitabu cha nane, hakipatikani popote, nimekisoma mara thelathini, na bila hicho nisingekuwa nilipo. Leo asubuhi wamelitangaza hilo mara tatu kabla ya taarifa ya habari. Wanasema ndicho kitakachofungia hafla.

Naomba uniandikie mistari mitatu ya kusema juu yake, niikariri. Siku zangu zimejaa hadi hapa, sina nafasi ya kukaa chini na kitabu kizima.

Swali moja. Mwandishi yu hai? Asije akajitokeza siku hiyo kudai chake.

Kocha



Karakanani, 14 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Boksi hilo. Saba vya ngozi nyekundu na kimoja cha kijani. Usiviweke juani.

Mistari yako mitatu ni hii: "Mwandishi wa kitabu hiki alinifundisha kwamba jina halijengwi kwa kelele. Alinionyesha kwamba mtu huonekana kwa kile mikono yake inachoacha mezani. Kila nilipopotea, nilirudi kwenye maneno yake." Ukiisema polepole italeta machozi.

Mwandishi yu hai. Hatadai chochote. Hajui hata kwamba nimemjalidia karatasi zake.

Ndani ya boksi kuna kisu kidogo cha mbao. Ukikifungua kitabu utajua ni cha nini. Na nina ombi, nakuomba kwa jina la marehemu mama: kabla hujasimama na kitabu hiki mbele za watu, kaa nacho saa moja. Saa moja tu, mlango umefungwa. Ukishafanya hivyo, fanya utakavyo, sitakuwa na neno na wewe tena maisha yangu yote.

Dada yako



22 Aprili

Umeniua.

Redioni ulisikia kimya. Ngoja nikuambie kimya kile kilikuwaje.

Mistari yako mitatu niliisema. Mama mmoja mstari wa mbele akafuta macho. Mtangazaji akasema, "Kocha, kwa kuwa kitabu hiki hatutakipata, tusomee ukurasa mmoja. Ule unaoupenda kuliko zote." Nikatabasamu. Nikafungua katikati. Peupe! Nikageuza, peupe. Nikageuza tena, karatasi nyeupe mwanzo hadi mwisho, hakuna hata nukta. Watu mia nne wananitolea macho. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Mtangazaji akasogea, akachungulia. Dada wa watu ana macho! Akasema kwenye kipaza sauti, "Mbona kurasa zimeungana? Hizi zimekunjwa, maandishi yamo ndani ya mikunjo." Akachukua kile kisu chako cha mbao. Nilikuwa nimekipanga mezani kama pambo. Akakipitisha kwenye mkunjo mmoja, karatasi ikafunguka, na maandishi yakawa pale. Akacheka kidogo, akaniuliza, "Mara thelathini ulikisoma kikiwa kimefungwa, Kocha?"

Ukumbi ukalipuka. Ningetaka waendelee kucheka hadi kesho, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshauona mwandiko. Ile "k" yenye mkia. Mwandiko uliokuwa ukisaini ripoti zangu za shule.

Akaniwekea kitabu mbele. "Soma." Ningefanyaje? Nikasoma. Uliisikia sauti yangu, sina haja ya kukuambia ilikuwaje. "Leo Kifutio amesoma mstari mzima bila kusita. Alikaa magotini pangu, nikashika kidole chake chini ya maneno. Alipomaliza akanifuta gundi shavuni kwa kifutio chake. Nimemwambia atakuja kunishinda kwa kusoma. Mwandiko wangu leo mbaya, mkono unatetemeka kwa furaha."

Mtangazaji akauliza Kifutio ni nani. Nikaangalia viatu vyangu. Huko nyuma jamaa mmoja akasimama, tulisoma naye, akapiga kelele, "Si yeye huyo! Darasani tulimwita Kifutio! Na baba yake ndiye fundi wa vitabu!"

Basi. Wenye redio wakaondoka kabla ya vinywaji. Ijumaa nilikuwa na mialiko mitano, leo sina hata mmoja. Vijana wananiita Mara Thelathini barabarani. Yule kijana aliyekuwa mlangoni ameshaingia ndani, kipindi kinaanza mwezi ujao.

Mimi ni damu yako. Ungeweza kunitukana, ungeweza kunipiga makofi mbele ya watu. Umenivua nguo kwa mikono ya Baba. Je, alijua?



Karakanani, 25 Aprili

Kifutio,

Nimekuvua nguo mimi? Nilikupa saa moja. Nilikuomba kwa jina la mama. Nilikupa hadi kisu. Ungeketi na kile kitabu, ungepasua mkunjo mmoja tu, ungemkuta Baba humo, na ungekuwa na siku nzima ya kuamua uwe mtu wa namna gani. Hukuweza. Unawaambia watu wasome, na wewe mwenyewe kitabu kwako ni cha kulingana na suti.

Sitakudanganya, moyo wangu umesuuzika. Ulipokaa kimya redioni nilihesabu kwa sauti, nikafika kumi na tisa. Mtangazaji aliposema ile ya mara thelathini nilicheka hadi sindano ikanichoma, na hata damu ilipotoka niliendelea kucheka. Uliposoma "mkono unatetemeka kwa furaha" sauti yako ikakatika, nikasema kimoyomoyo, hiyo ni malipo ya brashi iliyowekwa chini. Sijutii hata tone.

Unauliza kama Baba alijua. Karatasi zile nilizitoa kwenye sanduku lake bila kumwambia, za miaka yako ya shule. Sikuzisoma zote. Nilipoipata ile ya kidole chako na shavu lake nikajua nimepata, nikakunja, nikashona. Siku yenyewe Baba alikaa kwenye kigoda chake, anakata kadibodi, akakusikiliza ukimsomea maneno yake. Hakuinua kichwa. Ulipomaliza akazima redio, akaniuliza, "Sanduku langu nani kalifungua?" Tangu hapo hajanisemesha zaidi ya mambo ya kazi.

Na kibao bado kimeangalia ukuta. Nilidhani atakirudisha siku ileile. Nilikitundika mwenyewe Jumatatu. Jumanne nikakuta amekishusha.

Dada yako



28 Aprili

Mwanangu,

Sijakuandikia barua tangu ulipoondoka. Naandika polepole, macho si yale, kwa hiyo vumilia herufi.

Kwanza, nilijua. Kitabu cha kijani nilikiona kwenye mashine ya kubania, siku mbili kabla hakijaondoka. Nilipitisha kidole kwenye ukingo, nikajua mikunjo haijakatwa, nikajua kimekusudiwa nini. Dada yako ana mkono mzuri na hasira mbaya. Ningeweza kumzuia. Nilikumbuka nilichosikia redioni, nikamwacha.

Lakini kabla sijamwacha nilikifumua. Nikatoa karatasi moja, nikakishona upya kwa uzi uleule, nikakirudisha. Hakugundua. Ufundi wake bado haujafika hapo.

Karatasi hiyo wewe na mimi tunajua ni ya siku gani. Mitihani ile haikupotea. Shule ilinipa mitihani niishone, nikaimaliza, nikaifunga kwenye bahasha kwa lakiri, nikaiacha juu ya meza, na asubuhi nikakuta lakiri imebanduliwa na nakala moja haipo. Niliikuta chini ya godoro lako, majibu yamejaa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ningesema, wangekufukuza, na usingeingia shule nyingine yoyote. Nikaitia bahasha nzima motoni. Ndicho kitu pekee cha kusomwa kilichowahi kuwashia moto nyumbani kwangu. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia nililewa, nikaipoteza njiani. Mimi, ambaye pombe naijua kwa harufu tu. Kazi ya shule nikanyang'anywa, na mtaa ukapata la kusema. Nikarudi nyumbani nikaandika yote, kwa sababu nilitaka yawe yamesemwa kweli mahali pamoja.

Nilikupa ulevi ule ukufunike. Sikukupa ukautangaze.

Ningeiacha karatasi hiyo ndani ya kitabu, yule mama wa redio pengine angepasua palepale. Leo usingekuwa Mara Thelathini, ungekuwa mtu aliyenyang'anywa cheti. Usidhani nilikuonea huruma. Hasira yangu mimi sitaki wageni waimalize.

Dada yako anaamini nililewa. Akiamini hivyo, anakuchukia nusu. Akijua, utaipata nusu iliyobaki, na yule haachi kazi katikati.

Sasa sikiliza. Jumamosi uje hapa saa nne asubuhi, wateja wakiwa wengi. Uje kwa miguu kutoka njia kuu, watu wakuone. Uchukue ngazi, upande, ukitundike kibao changu kwa mikono yako. Anayekuuliza wewe ni nani, umjibu. Redio sihitaji.

Na karatasi usiniulize iko wapi. Vitabu humu ni vingi, na vyote nimevishona mimi.

Baba yako



30 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mlango ukiwa umefungwa. Nitakuja Jumamosi, saa nne. Naomba mniachie ngazi nje.

Kifutio



Karakanani, 9 Mei

Kifutio,

Barua yako ya juzi nimeipata, na nimeona haina picha. Afadhali.

Sijui Baba alikuandikia nini. Nilimuuliza, akaniambia barua ya mtu haisomwi. Sijui pia kwa nini ulipanda ile ngazi umeikumbatia namna ile, wewe uliyezoea kusimama mbele ya watu mia nne. Mwenye duka la jirani alikuuliza wewe nani, na nilisikia ulivyomjibu. Ulisema, "Mimi ni mtoto wa fundi." Kwa sauti ndogo, lakini ulisema.

Wateja wamerudi. Hospitali wameleta madaftari kumi, na mwalimu mmoja amekuja na kamusi iliyochanika, anasema alisikia ule ukurasa redioni. Baba ananisemesha tena. Jana amenifokea kwa sababu ya gundi, nikajua mambo yamekaa sawa.

Unasema ulipofika njia kuu uligeuka ukaona kibao ulichokitundika kimepinda, upande wa kulia uko chini, na unaomba uje siku yoyote ukinyooshe. Tumekiona. Nilichukua ngazi jioni ileile. Baba akanishika mkono, akaniambia nikiache kama kilivyo.

Kwa hiyo usije kukigusa. Kila mteja anayeingia anainamisha shingo, anauliza, "Fundi, nani kakutundikia kibao upande?" Na Baba huweka brashi chini, gundi ikiwa mbichi, anatoka nao hadi mlangoni, anakionyesha kwa kidole, anawaambia: "Mwanangu. Yule wa redioni."

Dada yako